Kitanda cha Omo

3 Februari

Mpenzi Baba Pacha,

Nimefika salama, ingawa mgongo umekataa kunyooka. Dereva wa lori la mbao amekubali kubeba barua zetu kila akija kushusha mzigo hapa, kwa hiyo tuandikiane. Kwenye simu mimi na wewe tunagombana kabla salamu hazijaisha.

Karakana ni banda refu la bati, lina feni nne ukutani na harufu ya gundi inayokukaa kooni mpaka chai yenyewe inanukia gundi. Katikati iko boti. Mimi nilidhani nitakuta chombo cha kuvulia samaki. Baba Pacha, ni nyumba! Futi thelathini na nane. Ganda lake ni la faibaglasi: wanatandaza mikeka ya nyuzi za kioo ndani ya kalibu, wanailowesha gundi, tabaka juu ya tabaka, ikikauka wanalitoa ganda zima kama keki kwenye sufuria. Ndani kuna vyumba viwili vya kulala, jiko, choo, meza ya ramani na matangi mawili ya maji chini ya viti. Wenyewe ni daktari mstaafu na mkewe. Wanataka kuhamia humo wazunguke na tanga mpaka wachoke. Kazi yangu ni magodoro, matakia na mapazia, yote. Miezi mitatu.

Nimepangwa chumba kimoja na mwanamke anayetandaza hiyo mikeka. Wanamwita Mama Gundi. Anakoroma, lakini ana roho nzuri. Juu yetu yuko Mkuu wa karakana, ambaye hacheki, na Mchoraji, aliyeichora boti yote. Huyu hutembea na daftari akiwauliza watu maswali. Leo kaniuliza mimi: "Fundi, ukiwa unapika, meza ikufike wapi ndiyo usichoke?" Nikamwonyesha hapa, chini kidogo ya kiwiko. Akaandika. Mimi, Baba Pacha, na maneno yangu yameandikwa.

Wabusu pacha. Wifi asiwape soda kila siku.

Mkeo,
Mama Pacha

11 Februari

Mama Pacha,

Barua imefika na kweli inanuka gundi. Pacha wazima. Mmoja kang'oka jino, mwenzake analia kwamba la kwake limechelewa.

Kuhusu hiyo boti yako, mimi ni fundi wa mbao na nitasema kama fundi wa mbao: hilo ni beseni lenye mlingoti. Mbao ina uhai. Ukiilowesha inavimba, inajiziba yenyewe. Hilo ganda lenu likipasuka litajiziba na nini? Lakini sawa, wenye pesa zao wana macho yao.

Halafu sijaelewa hilo swali la meza ya jiko. Meza yetu niliitengeneza kwa mikono hii, kwa mbao ngumu, na miaka kumi na moja sijasikia malalamiko.

Huyo Mchoraji ana umri gani? Ameoa? Nauliza tu.

Mumeo,
Baba Pacha

20 Februari

Mpenzi Baba Pacha,

Hukusikia malalamiko kwa sababu nina kile kigoda. Miaka kumi na moja napikia juu ya kigoda, hujaniona?

Ngoja nikusimulie jiko la huku. Limening'inizwa kwenye vyuma viwili, boti ikilala upande, jiko lenyewe linabaki wima na sufuria haimwagi. Kila droo lazima uinyanyue kidogo ndipo uivute, ili mawimbi yasiifungue. Kingo za meza zina ukingo mdogo wa kuzuia vikombe. Darini pana vishikio mfululizo, unatembea umeshika kama unapanda ngazi iliyolala. Mpishi ana mkanda wa kumfunga kiunoni! Na chini kabisa kuna mkuku, chuma kizito kuliko lori. Upepo ukiilaza boti, mkuku unairudisha. Nimeupiga konzi, umenyamaza kama ukuta.

Kilichonitesa ni kitanda cha omo. Omo ni pua ya boti, kwa hiyo kitanda chake ni pembetatu: vichwa viwili vinatengana, miguu inakutana. Nilikata godoro mara mbili, likakataa. Mchoraji akasema, "Lala humo mwenyewe, mwili utakwambia." Nikavua viatu nikalala. Akasimama mlangoni na utepe, akapima bega hadi ukuta, kiwiko hadi rafu. Kweli, miguuni palibana. Tumeongeza sentimita nane.

Na nimetoa wazo, Baba Pacha. Mgongo wa kiti kirefu cha sebuleni nimeushonea kamba nne. Mchana unauegemea. Mkiwa safarini unauinua, unafunga kamba darini, unakuwa ukuta wa kumzuia aliyelala asiporomoke. Mchoraji kalichora, na pembeni kaandika: "Wazo la Fundi wa Matakia." Niliitazama hiyo karatasi mpaka macho yakaniuma.

Mkeo,
Mama Pacha

27 Februari

Mama Pacha,

Nimetengeneza vitanda zaidi ya mia mbili. Vya watu wanene, vya wembamba, vya maharusi, vya wagonjwa. Sijawahi kumlaza mteja, sembuse mke wa mtu. Kitanda kinapimwa kwa futi, hakipimwi kwa mwili wa mwanamke aliyevua viatu.

Alisimama mlangoni. Huo mlango una upana gani? Nani mwingine alikuwemo? Nimekuuliza umri wake, ukanijibu mkuku.

Na nina macho. Barua ya kwanza jina lake umelitaja mara moja. Hii ya pili, mara mbili. Mimi umenitaja kwenye kigoda tu.

Kuhusu hicho kigoda: Jumapili nimekata miguu ya meza ya jikoni, inchi nne. Dada yangu sasa anapika ameinama kama anatafuta sindano, na ananilaani kwa sauti. Pacha mmoja kaniuliza, "Baba, mbona unaikata meza kwa hasira?" Nimemwambia baba hana hasira.

Mumeo, kama bado unakumbuka,
Baba Pacha

8 Machi

Baba Pacha,

Nilianza kwa kucheka nilipofika kwenye meza. Inchi nne! Nani kakwambia nne? Hukunipima, hukuniuliza, umekata tu. Kisha nikasoma tena tangu juu, kicheko kikaisha.

Haya, chukua. Mchoraji ana miaka arobaini na mbili. Mkewe alifariki. Anavaa miwani na kutafuna karanga siku nzima. Mama Gundi alikuwemo kitandani mle mle pamoja nami, ndiye aliyeshika ncha ya pili ya utepe, na sikumtaja kwa sababu sikujua naandika ushahidi wa mahakamani. Umeridhika?

Sasa habari. Mlingoti umesimama, na sitaha imepakwa rangi yenye mchanga ili mguu usiteleze. Mwishoni mwa mwezi ujao boti inashushwa majini, kisha inakwenda safari ya majaribio, siku nne. Wameniomba nibaki wiki mbili zaidi niende nao, nione matakia yangu yanavyokaa wakati boti imelala. Tutakuwa sita: daktari na mkewe, Mkuu, Mchoraji, Mama Gundi na mimi.

Nimesema ndiyo. Nilitaka kukuuliza kwanza, lakini mdomo ulitangulia. Tangu nizaliwe sijawahi kwenda mahali bila kutumwa na mtu.

Mkeo,
Mama Pacha

13 Machi
(Kwa njia ya posta)

Kwa Mkuu wa Karakana,

Mheshimiwa, mimi ni mtu ninayeitakia mema kazi yako. Huyo mwanamke wa matakia na Mchoraji wako wamezoeana kupita kiasi. Amelazwa kwenye kitanda cha omo, viatu amevua. Daktari na mkewe wakisikia kwamba kitanda chao kimezinduliwa na watu wengine, uso utauficha wapi? Mrudishe kwao kabla ya hiyo safari ya siku 4.

Mwenye Macho

13 Machi

Mama Pacha wangu,

Nimetafakari nikaona nilikuwa mjinga. Nisamehe kwa yale ya mlango na utepe. Safari ni yako, uamuzi ni wako, mimi sina kinyongo. Pacha wanajifunza kuogelea kwenye karai. Jino la pili limeng'oka, sasa kuna amani.

Jiangalie. Wanaokuzunguka si wote wanakupenda kama mimi.

Mumeo akupendaye,
Baba Pacha

27 Machi

Baba Pacha,

Sijui nianzie wapi. Mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango, akanisomea barua kwa sauti kama anasoma orodha ya misumari. Kwamba mimi na Mchoraji tunalala kwenye kitanda cha omo, tena viatu nimevua. Imetiwa saini "Mwenye Macho." Nilisimama pale na mkasi mkononi. Mkuu akasema haamini wala hakatai, ila daktari ni mteja wake wa kwanza mkubwa na hataki harufu yoyote kwenye chombo hicho zaidi ya harufu ya gundi.

Nimeondolewa. Nimewekwa bohari, nakunja matanga mpaka mkataba uishe. Siruhusiwi kupanda ile ngazi ya kuingilia botini. Wamemleta fundi mwingine amalizie vifuniko vyangu, na nilimwona kwa dirisha akiushona mgongo wa kiti kwa uzi mwembamba ambao hautadumu hata wiki. Mchoraji amekatazwa kuzungumza nami. Tukikutana anatazama karanga zake.

Ni Mama Gundi, Baba Pacha. Hakuna mwingine. Ukimtoa Mchoraji, ni yeye tu aliyejua kwamba nilivua viatu, na jina lake halimo kwenye barua hata mara moja wakati tulikuwa naye! Nilimkabili mbele ya watu, wakati wa chakula. Akaapa. Nikamwambia mwenye roho kama yake, si ajabu mumewe alimkimbia. Watu wakaacha kula. Akachukua godoro lake akahamia stoo ya vifaa.

Niombee. Najiona mchafu na sijafanya kitu.

Mama Pacha

3 Aprili

Mama Pacha wangu,

Pole sana, roho yangu. Ndivyo walivyo watu, hawapendi kumwona mwenzao akinyanyuka. Usiumize kichwa na mtu anayejificha nyuma ya penseli. Funga mzigo, panda lori, rudi nyumbani. Hapa hakuna wa kukuhoji. Kazi zipo, viti vya watu vimejaa uani vinangoja vitambaa, tutafanya pamoja kama zamani.

Huyo Mama Gundi mwache. Ulichomwambia kimemtosha.

Mumeo,
Baba Pacha

10 Aprili

Baba Pacha,

Sikukuandikia kwamba ni ya penseli.

Barua yangu naikumbuka neno kwa neno, kwa sababu niliiandika nikilia. Nilikwambia imesomwa, nilikwambia saini. Penseli sikuitaja, maana hata mimi sikuiona karatasi. Mkuu aliishika mwenyewe. Basi nimekwenda nikamwomba anionyeshe. Penseli bapa ya seremala. Herufi zimelala kama unavyoandika vipimo kwenye ubao. Na ile 4 yako iliyo wazi juu, ambayo mwalimu anawakosoa pacha kila siku kwa sababu wameiiga kwako.

Barua mbili siku moja. Moja ya kunikumbatia.

Nilikwenda kwa Mama Gundi. Alikuwa analisugua ganda kwa msasa, uso mzima vumbi jeupe. Nikamweleza yote, nikapiga magoti kwenye vumbi lile. Akaizima mashine, akavua glavu moja moja. Akasema, "Hiyo barua nimeshaisahau, iliandikwa na mtu asiyenijua. Uliyosema wewe kuhusu mume wangu, hayo bado." Kisha akaiwasha mashine.

Yale maneno niliyasema mimi, siwezi kukutupia. Lakini wewe ulisoma kwamba nimemvunja mwanamke asiye na kosa, ukaniandikia, "Ulichomwambia kimemtosha." Hapo ndipo nilipokosa pa kukuweka.

Sitaki kuombwa msamaha. Mwandikie Mkuu. Kwa kalamu ya wino. Kwa jina lako.

Mama Pacha

17 Aprili

Mama Pacha,

Nimemwandikia. Kwa wino, jina langu, la baba yangu na la babu yangu, na nambari ya nyumba. Nimemwambia mwandishi ni mimi, kwamba sikuona chochote kwa sababu sijawahi kufika huko, na kwamba yote niliyatoa kwenye barua za mke wangu nikayageuza. Nimeandika barua nyingine fupi kwa Mama Gundi. Hiyo imenichukua siku mbili na karatasi sita.

Ulisema hutaki kuombwa msamaha, sitaomba. Nitakueleza tu, na ukitaka chana.

Mwanzo nilimwonea wivu Mchoraji, ni kweli. Kila nikishika randa namwona amesimama mlangoni. Lakini nilipoisoma barua yako ya matakia mara ya saba, nikagundua kitu kinachoniuma si yeye. Ni ile karatasi. "Wazo la Fundi wa Matakia." Umenishonea viti miaka yote, nikiwauzia watu nawaambia, "Hii kazi yangu." Hakuna aliyeuliza kitambaa kashona nani, na mimi sikusema. Halafu mtu wa kalamu anakuja, anakaa nawe wiki mbili, anaona. Ungekuwa umelala naye ningejua namna ya kukasirika. Hili sikujua nilishike wapi.

Ukaanza kuniandikia mkuku, omo, sitaha, maneno ambayo sikukufundisha mimi. Nilikuwa nasoma kama mtu anayesimama nje ya nyumba yake mwenyewe anasikia watu wanacheka ndani.

Dada yangu nimemwambia ukweli. Amenitazama, akasema, "Na ulikuwa unamsubiri nani akamatwe badala yako?" Hajanisemesha tangu juzi, chakula anaweka mezani anaondoka.

Pacha wanauliza unarudi lini. Nami nauliza, ila kwa sauti ndogo.

Baba Pacha

6 Mei

Baba Pacha,

Barua yako ilifika kwa Mkuu asubuhi moja mwezi uliopita. Aliwaita wote, pamoja na daktari na mkewe waliokuja kuona boti, akaisoma yote kwa ile ile sauti ya misumari. Alipomaliza akaikunja, akaniambia, "Fundi, ngazi ile pale." Hakusema samahani. Nimemjua, hiyo kwake ni samahani.

Nilifumua ule uzi mwembamba wote. Nilishona siku tatu.

Boti ilishushwa majini Jumatatu kwa kreni. Mke wa daktari alishika mkono wangu bila kujua ni wa nani. Tuliondoka sita kama ilivyopangwa. Siku ya kwanza upepo ulikuwa mwororo, kila mtu nahodha. Siku ya pili ukavuma. Boti ililala upande mpaka dirisha likatazama maji, vikombe vikagonga ukingo wa meza vikabaki, droo hazikufunguka, na jiko likasimama wima kama nilivyokuandikia. Kisha ikajiinua yenyewe, taratibu, kama mtu anayeamka kwenye kiti. Sikuwahi kuhisi kitu kama hicho. Nilipiga kelele, na haikuwa ya hofu.

Kisha nikatapika. Nilitapika kuliko wote. Walinilaza mchana kutwa nyuma ya ule mgongo wa kiti, na kila wimbi lilinitupa juu yake na kamba zangu nne zilinirudisha. Aliyenishikia ndoo ni Mama Gundi. Akaninyanyua kichwa, akaniwekea kikombe cha maji ya limao mdomoni. "Kunywa," akasema. "Sijakusamehe, lakini kunywa." Nikanywa. Barua yako ameisoma. Hakuniambia ilisema nini, nami sikuuliza. Ameitia mfukoni mwa ovaroli.

Mchoraji aliandika daftari zima, maana kuna mengi ya kurekebisha: ngazi ya kushukia ndani ni ya kusimama mno, na choo hakina cha kushika. Tuliporudi alinipa mkono, akaniambia niwasalimu wanangu. Ni hayo tu, Baba Pacha. Tangu mwanzo yalikuwa hayo tu.

Ulichoniandikia nimekisoma na sikukichana. Lile la viti, kwamba ulisema kazi yako, nililijua zamani. Nilikuwa nasimama nyuma ya pazia nikisikia, nasema moyoni, mwache, ni mume wangu, sifa zake ni zangu. Sasa sijui kama nilikuwa mwema au mwoga. Na sijui kama mtu anaweza kupenda mikono iliyokata meza yake na kuandika barua ile kwa wiki chache tu. Wakati mwingine naweza. Nikimkumbuka Mama Gundi na godoro kichwani, siwezi.

Boti ya pili inaanza Juni. Wananitaka tangu kwenye michoro, kabla ya ganda kutandazwa. Nimetia saini. Sikukuuliza, na safari hii mdomo haukutangulia. Nilifikiri siku mbili nzima.

Kabla ya hapo nakuja kuwaona wanangu. Nitashuka na lori Jumamosi mchana. Usije kunipokea barabarani, wala usiwatume pacha. Nataka nitembee mwenyewe mpaka mlangoni, polepole, maana mpaka naandika hapa sijui nikikukuta umesimama pale nitakusalimu au nitakupita.

Mama Pacha